Salamu Ndefu za Umboni

Namna nilivyofika Umboni haina faida kwa msomaji. Inatosha kusema kwamba nilifika, nikiwa na barua ya utambulisho na daftari jipya, kwa sababu Halmashauri ya mji wetu ilikuwa imesikia sifa za Jumba Kuu la Macho la nchi ile, ikanituma nikajifunze ili nasi tuige. Sisi ni hodari wa kuiga. Kilichokuwa kikitupa shida ni kupata cha kuigwa.

Nilipokelewa na Mheshimiwa Mwinyikai, Waziri wa Foleni. Nilidhani nimesikia vibaya, nikauliza kama hakuna Waziri wa Macho.

"Alikuwepo," akanijibu kwa upole. "Lakini tuligundua kwamba macho ni mawili tu kwa kila mtu, na hayaongezeki. Foleni inaongezeka. Serikali makini hushughulika na kinachokua."

Akanipandisha juu ya paa la wizara anionyeshe. Foleni ilianzia mlangoni pa Jumba Kuu kilimani, ikateremka hadi sokoni, ikaizunguka shule ya msingi mara mbili, ikaenda kuishia kando ya makaburi. Mheshimiwa alinihakikishia kwamba hapo mwisho haikupangwa, ilitokea tu. Kila Jumatatu redio ilitangaza urefu wake, na watu waliokuwa ndani yake walijipigia makofi. Nafasi za mbele zilirithiwa kwa wosia. Nilionyeshwa kijana mmoja aliyetoa nafasi ya mia tatu na nne kuwa mahari, na mkwewe akaona ameheshimiwa sana.

Mambo haya yote yalisimama juu ya sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Mlango Mmoja: jambo lolote la jicho, liwe ni kope iliyoingia ndani au upofu wenyewe, litaamuliwa Jumba Kuu na si pengine popote. Ya pili ni Sheria ya Kutazamana: ni marufuku, nje ya Jumba Kuu, mtu kulitazama jicho la mwenzake kupita muda wa salamu. Muda wa salamu ulikwisha kupimwa na tume, nao ni hesabu tatu. Wachumba waliotaka kutazamana zaidi ya hapo waliomba kibali. Wengi walioana na kuzaa kabla kibali hakijatoka, na ndoa nyingi, niliambiwa, zilidumu kwa sababu hiyo.

Nikauliza mji mzima una madaktari wangapi wa macho. Mheshimiwa akasema yupo mmoja bingwa, Daktari Mtoro, na wasaidizi wake wawili.

"Na wale?" Nilikuwa nimeona kila mtaa una duka dogo lenye picha ya jicho mlangoni, na ndani yake mtu mwenye koti jeupe amekaa peke yake.

"Hao ni wapima macho wa mitaa. Wako arobaini. Kila mmoja amesoma chuoni miaka minne, akafanya mitihani, akala kiapo."

"Wanafanya nini?"

"Wapo," alisema Mheshimiwa.

Baadaye nilifahamu kwamba hakuwa akinificha kitu. Sheria iliwaruhusu kuuza fremu, kuuza kamba za kuning'inizia miwani shingoni, na kufuta vioo kwa kitambaa. Walifundishwa kila kitu cha jicho, kisha wakakatazwa kulitazama. Nchi isiyo na wataalamu, Mheshimiwa alinieleza, ni nchi maskini. Umboni haikuwa maskini, maana ilikuwa nao arobaini, na wote walikuwa wazima kabisa, hawajatumika.

Siku ya tatu nilipewa afisa wa kunitembeza kwenye foleni. Jina lake Mbwera, kijana mnyoofu aliyebeba kamba ya kupimia na kuipenda kazi yake. Tulianzia juu. Karibu na mlango nilimkuta bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Mwalimu Asumini, mstaafu. Nikamwamkia, nikamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi, mwanangu. Nimezeeka tu, herufi zinanikimbia. Nikisogeza kitabu mbali nazisoma, ila mkono wangu umekwisha urefu. Nataka miwani ya kusomea."

"Umesubiri muda gani?"

"Mwaka wa pili na miezi minne. Hapa mbele yangu yupo bwana ambaye vumbi lilimwingia jichoni. Lilishatoka lenyewe mwaka jana, lakini nafasi nzuri kama hii huwezi kuiacha hivihivi."

Yule bwana akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesifiwa kwa subira yake.

Tuliteremka, na nilipojaribu kuhesabu, niliona kwamba katika kila watu kumi, saba walikuwa kama Mwalimu Asumini: wazima waliohitaji vioo. Nikamwambia Mbwera. Akaniambia kwa fahari kwamba foleni ya Umboni haibagui.

Mkiani kabisa, kando ya ukuta wa makaburi, tulimkuta fundi cherehani mmoja, mtu wa makamo, amechutama huku amejishika kichwa. Shati lake lilikuwa na alama za matapishi. Alikuwa amevaa tepu yake ya kupimia shingoni, kwa maana alitoka kazini moja kwa moja. Mkewe alikuwa amesimama karibu naye akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Huyu ni Fundi Shaali," mkewe alisema. "Tangu juzi jicho la kulia linamuuma, hata kichwa chote. Taa anaiona imezungukwa na rangi rangi kama upinde wa mvua. Tangu leo asubuhi na la kushoto limeanza."

"Mmefika lini hapa?"

"Jana asubuhi. Tumesogea hatua sita."

Mbwera akafungua daftari lake, akapiga hesabu, akawapa habari njema: kwa mwendo huo wangefika mlangoni baada ya mwaka mmoja na miezi minane, na kama sikukuu zisingekuwa nyingi, hata kabla.

Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la mpima macho wa mtaa ule. Mwenyewe alikuwa mlangoni, mwanamke wa miaka arobaini hivi, koti jeupe juu ya dera, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayejishika asianguke. Alikuwa akimtazama Fundi Shaali. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akimtazama tangu jana, na kwamba usiku hakulala. Jina lake Bi. Kidawa.

Alivuka njia. Akachutama mbele ya fundi, akasema, "Pole, kaka. Fumbua macho, nitazame mimi."

"Moja," alisema Mbwera.

Bi. Kidawa akatoa kurunzi ndogo mfukoni mwa koti, akaimulika pembeni ya jicho.

"Mbili. Tatu. Bi. Kidawa, tatu hiyo."

"Nimesikia."

"Nne!" Mbwera alipaza sauti, na foleni yote ya mkiani ikageuka. Nadhani hakuna aliyewahi kuisikia nne. Mama mmoja aliwafunika wanawe nyuso.

Bi. Kidawa hakugeuka. Alimuuliza fundi maswali mafupi, yalianza lini, yanauma wapi, ametapika mara ngapi. Akamfumbisha macho, akayagusa juu ya kope kwa ncha za vidole viwili, kwanza la kushoto, halafu la kulia. Hapo uso wake ukabadilika. Akanishika mkono, mimi mgeni asiyemjua, akaniwekea kidole changu mwenyewe juu ya kope la fundi. Jicho lilikuwa gumu kama pera bichi.

"Hii ni presha ya macho, ile ya ghafla," aliniambia. "Maji ya ndani yamekosa njia. La kulia sijui kama lipo bado. La kushoto linaweza kupona, lakini leo. Si kesho."

"Sitini na moja," alisema Mbwera. "Sitini na mbili. Dada, nakuomba."

"Mbwera, mdogo wangu, endelea kuhesabu. Ukifika elfu, uniambie."

Aliandika barua kwenye karatasi ya kufungia fremu, akamnyanyua fundi kwa kwapa la kulia, mkewe akashika kushoto, wakaanza kupanda kilima kwa kando ya foleni. Mimi nilifuata. Ningependa kuandika kwamba nilisaidia kubeba, lakini nilikuwa nimeshika daftari.

Watu walitupigia kelele njia nzima. Nimewahi kuona watu wakimfukuza mwizi, lakini sijaona hasira kama ile ya watu waliosubiri miaka miwili wakimwona mtu asiyesubiri. Ni Mwalimu Asumini peke yake aliyetoka kwenye mstari, akapoteza nafasi yake ya mwaka wa pili na miezi minne, akatutangulia akiwasogeza watu kwa fimbo yake. "Pisheni! Mmefundishwa na mimi wengine nyie, pisheni!"

Ndani ya Jumba Kuu tulimkuta Daktari Mtoro amekaa mbele ya ubao wa herufi. Alikuwa na uso wa mtu aliyesahau siku ya wiki. Mbele yake alikaa bwana mnene akibadilishiwa kioo kimoja baada ya kingine.

"Hiki na hiki, kipi bora?"

"Vyote vizuri, daktari."

"Hiki na hiki?"

"Kama wewe unavyoona."

Bi. Kidawa akampa barua. Daktari akaisoma akiwa amesimama nusu, na kabla hajafika mwisho alikwisha kukiangusha kiti. Nilimwona mtu akiamka mbele ya macho yangu. Akaagiza dawa ya matone, akaagiza sindano, akanawa mikono, akaita chumba kifunguliwe. Ilibidi watafute ufunguo. Chumba cha upasuaji cha hospitali kubwa kuliko zote hakikuwa kimefunguliwa kwa siku kumi na moja, kwa sababu ya wingi wa wagonjwa.

Jicho la kushoto la Fundi Shaali lilipona. La kulia lilikuwa limekwisha kufa. Daktari mwenyewe alimwambia: siku ile waliyofika makaburini lilikuwa bado linaokoleka. Fundi akauliza kama kwa jicho moja mtu anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Mkewe akasema, "Nitakutungia mimi," akatoka nje ya wodi, na huko nje nikamsikia akilia.

Bi. Kidawa alikamatwa kabla ya magharibi, akashtakiwa kwa kutazama hesabu mia nne na kumi na tisa. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvunja sheria kwa kiasi hicho, kesi ilipelekwa mbele ya Baraza zima, na mimi nikapewa kiti cha wageni.

Wa kwanza kusema alikuwa mwakilishi wa Wakodisha Viti vya Foleni. Alisema hana ugomvi na mama huyu, wala na jicho la mtu. Aliuliza tu: foleni ikifupika, watu watakaa wapi? Akapigiwa makofi. Wa pili alikuwa mzee wa Chama cha Washika Nafasi, aliyesema ameshika nafasi za watu maisha yake yote, na kwamba mtu akianza kutibiwa mtaani kwake kama mbuzi, heshima ya ugonjwa itapotea. Wa tatu alikuwa mjumbe msomi. Yeye alihofia usalama. Je, mpima macho wa mtaani akikosea?

"Je, akikosea nani, Mheshimiwa?" Bi. Kidawa aliuliza kutoka kizimbani.

"Wewe. Ukimtazama mtu ukasema ni miwani tu, kumbe ni ugonjwa?"

"Ndiyo maana nilisoma miaka minne. Nijue ya kwangu, na nijue isiyo ya kwangu. Sikumpasua Fundi Shaali, mimi si daktari wa kupasua. Nilimwona tu, nikamwandikia barua anayeweza. Lakini nikuulize na mimi. Leo pale foleni yupo nani anayewatazama?"

"Afisa Mbwera."

"Kwa kamba?"

Spika akaomba utulivu, ingawa hakuna aliyekuwa amepiga kelele.

Daktari Mtoro aliitwa. Alisimama kwa shida, akiegemea meza. Alisema mwezi ule ameona watu mia sita. Mia nne na zaidi walitaka miwani. Wengine walikuwa na macho makavu, chekea kwenye kope, wasiwasi. "Nimefundishwa kutoa mtoto wa jicho," alisema. "Kuna bibi kumi na wanane wodini hawaoni, wanangoja mkono huu. Mkono huu unabadilisha vioo. Nina wenzangu arobaini mitaani wanaojua kubadilisha vioo kuliko mimi. Mimi nimesahau, wao ndiyo kazi yao. Nipeni hao. Sitaki kingine."

Baraza likasimama, likampigia makofi marefu kwa uzalendo wake, likapitisha kwa kauli moja kwamba ajengewe ofisi kubwa zaidi.

Ndipo akaletwa Fundi Shaali, jicho moja limefungwa bendeji. Hakuwa msemaji. Alisema, "Waheshimiwa, mimi ni fundi. Mtu akija kwangu na kifungo kimekatika, namshonea palepale. Akija na koti la harusi, hilo nalipangia siku yake. Ningewaweka wote mstari mmoja, wa kifungo angekaa kifua wazi mwaka mzima, na wa harusi angeoa kwa kanzu ya kuazima. Ni hayo tu." Akapapasa nyuma kutafuta kiti. Hakukipata, askari akamsogezea.

 Niliona wajumbe kadhaa wakitazama viatu vyao. Mheshimiwa Mwinyikai, ambaye ni mwanasiasa na si mjinga, alihisi upepo umegeuka, akasimama.

"Sheria haiwezi kubadilishwa," alisema, "maana tukiibadilisha tutakuwa tumekiri kwamba ilikuwa mbaya. Lakini naona njia. Sheria inaruhusu salamu. Hakuna mahali iliposemwa kwamba salamu ya mpima macho ni sawa na salamu ya mtu wa kawaida. Mtaalamu huamkia kitaalamu. Napendekeza, kwa majaribio ya siku thelathini, wapima macho arobaini waruhusiwe kutoa Salamu Ndefu."

Ikapita. Bi. Kidawa alitiwa hatiani kwa kutazama, akasamehewa kwa kuwa alikuwa akiamkia, na akaonywa asirudie kufanya kile ambacho tangu siku ile aliamriwa kukifanya.

Nilikaa Umboni siku zote thelathini. Asubuhi ya kwanza milango arobaini ilifunguliwa, na mbele ya kila mmoja palibandikwa tangazo la wizara: HAPA HAPAPIMWI MACHO. KARIBU TUAMKIANE. Watu walikwenda kwa aibu, wakipitia uchochoroni. Mwalimu Asumini alikuwa wa kwanza kwa Bi. Kidawa.

"Shikamoo, mwalimu," Bi. Kidawa alisema, akamsogezea kidevu kwenye mashine ambayo kwa miaka kumi na mbili ilikuwa imefunikwa khanga.

"Marahaba, mwanangu. Hali?"

Salamu ilichukua robo saa. Mwalimu alitoka na miwani. Akasimama njiani, akasoma kwa sauti tangazo la wizara kutoka mwanzo hadi mwisho, akatoa kalamu na kusahihisha makosa mawili ya tahajia.

Wiki ya pili foleni iliiacha shule. Watoto, waliozoea kuhesabu kwa kutumia migongo ya watu, walirudi kwenye vijiti. Waliohitaji miwani walimalizana na mtaa wao. Wenye presha ya macho ya polepole walitiwa matone na kupimwa kila mwezi karibu na nyumbani, Daktari Mtoro akisoma barua zao. Waliobaki walipanda kilima na barua mkononi wakaonwa siku hiyohiyo, na wale bibi kumi na wanane wakatoka wodini mmoja mmoja, wakilalamika kwamba wajukuu zao hawakuwa wazuri kama walivyosimuliwa. Fundi Shaali alikuwa akipita kwa Bi. Kidawa kila Jumanne kupimwa lile jicho lililobaki. Hawakuzungumza sana. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Ungetoka ile siku ya kwanza, dada." Bi. Kidawa akajibu, "Ningetoka." Hakujitetea. Jumanne iliyofuata fundi alikuja kama kawaida.

Wizarani palikuwa na msiba. Jumatatu ya nne redio ilipotangaza kwamba foleni imebaki hatua arobaini, mtangazaji alishusha sauti kama anayesoma tanzia. Mbwera alikaa na kamba yake mapajani. Lakini majirani wa Umboni walianza kuandika barua za pongezi, na pongezi zina tabia ya kutafuta mwenyewe. Siku ya thelathini ilitangazwa kuwa Mheshimiwa Mwinyikai, mwasisi wa Salamu Ndefu, atahutubia taifa na kutunuku nishani.

Jukwaa lilijengwa mbele ya Jumba Kuu, mchana kweupe. Daktari Mtoro hakuja; alikuwa na mgonjwa. Bi. Kidawa alialikwa, akawekwa safu ya kumi na saba, nami nikakaa naye. Mheshimiwa alisimulia jinsi wazo lilivyomjia. Alisoma ukurasa wa kwanza, kisha akausoma tena. Watu walipiga makofi mara zote mbili. Nilimtazama Bi. Kidawa, nikitegemea kuona uchungu. Alikuwa amekunja uso, ndiyo, lakini kwa namna niliyoifahamu: ndivyo alivyokuwa akimtazama fundi siku ile kutoka mlangoni.

"Anageuza kichwa kizima akitafuta karatasi," alininong'oneza. "Tazama. Upande wa kushoto haoni kitu."

Mheshimiwa akachukua nishani, ambayo kwa mujibu wa ratiba alikuwa ajitunuku mwenyewe kwa niaba ya wananchi, akakikosa kifua chake, akaichoma kwenye pazia la jukwaa. Bendi ikapiga. Bi. Kidawa alikwisha kuinuka. Alipita safu zote kumi na saba, akapanda jukwaani, na askari hawakumzuia kwa sababu alikuwa na koti jeupe.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, akamtazama machoni. Alimtazama kwa muda mrefu. Mbwera, aliyesimama chini ya jukwaa, alifumbua kinywa, kisha akakifumba.

"Marahaba," alijibu Mheshimiwa. Akainama, akateremsha sauti. Nilikuwa nimekwisha kusogea, nikamsikia. "Foleni yako ni ndefu?"

"Hakuna foleni, Mheshimiwa. Tunaweza kwenda sasa hivi."

Alinyooka kama mtu aliyetukanwa mbele ya watu. Halafu akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Bi. Kidawa, akaushika sana, maana ngazi za kushukia hakuziona.